UCHAMBUZI: Wanawake wenye PCOS ni wengi, mbona Kenya haiwahesabu?

KATIKA kila wanawake 10 walio katika umri wa kuzaa, huenda mmoja anaugua maradhi ambayo hajawahi hata kuyasikia jina.

Hayo si makisio ya mtaani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake wa umri huo kote ulimwenguni wana sindromu ya ovari zenye vivimbe vingi, ambayo madaktari huitaja kwa herufi nne tu: PCOS. Shirika hilo linasema pia kuwa hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajijui, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwapima akawaambia.

Hebu tuilete hesabu hiyo nyumbani. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu wanawake na wasichana zaidi ya milioni 24 humu nchini. Tukichukulia kwamba nusu yao wana umri wa kati ya miaka 15 na 49, tunapata takriban milioni 12. Asilimia 10 ya hao ni watu milioni 1.2. Sensa iyo hiyo ilipata wakazi milioni 1.2 katika Kaunti nzima ya Mombasa, wake kwa waume, wakongwe kwa wachanga.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya kuazima. Tumetwaa asilimia ya ulimwengu tukaizidisha kwa idadi ya Wakenya. Utafiti wa kitaifa kuhusu Hali ya Watu na Afya (KDHS) wa mwaka wa 2022 uliwahoji wanawake zaidi ya 32,000 wa umri wa miaka 15 hadi 49. Waliulizwa kuhusu uzazi wa mpango, kliniki za wajawazito, vyandarua, lishe na hata dhuluma za nyumbani. Kuhusu PCOS, hawakuulizwa lolote.

Pengo hilo si dogo. Ugonjwa usiohesabiwa ni vigumu kuutengea bajeti. Na kwa kuwa hauhesabiwi, aghalabu hugunduliwa kupitia mlango mmoja tu: mwanamke anapokosa mtoto. Anayeingilia mlango huo huwa amekwisha kuchelewa, na asiyepitia hapo hafahamu kamwe.

Ugonjwa wenyewe

Katika mwanamke asiye na tatizo hili, kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua ndani ya ovari. Kimoja huwatangulia wenzake, kikapevuka na kuliachilia yai. Kwa mwenye PCOS, mpangilio wa homoni huvurugika. Vifuko huanza kukua kisha vikakwama njiani. Katika picha ya altrasaundi huonekana vimejipanga kandokando ya ovari kama shanga.

Hivyo ndivyo 'vivimbe' vinavyotajwa katika jina la ugonjwa. Si uvimbe wa kuhitaji kisu, wala si saratani. Ni vifuko vya kawaida vilivyodumaa. Ndiposa mwaka wa 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani lilipendekeza jina hilo libadilishwe, likisema linawapotosha wagonjwa na madaktari kwa jumla.

Kiini cha tatizo, kwa wengi wao, kiko mbali na ovari. Mwili hauitikii insulini ipasavyo, hivyo kongosho hulazimika kuizalisha kwa wingi. Insulini hiyo ya ziada huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Matokeo yake ni hedhi inayokuja kwa nadra, nywele zinazoota kidevuni na kifuani, chunusi zisizokoma hata baada ya ujana, nywele za kichwani zinazopungua, na yai lisilopevuka. Mara nyingi hali hii hufuata ukoo, mama kwa binti au dada kwa dada.

Si lazima mgonjwa awe mnene. Wapo wembamba walio nayo. Ila uzito huizidisha, na hapo Kenya haina budi kushtuka: KDHS ya 2022 ilionyesha kuwa takriban asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 ni wazito kupita kiasi au wanene kupindukia.

Kipimo kinapobadilika

Msomaji anayefuatilia habari za afya atakuwa amekutana na takwimu zinazokinzana. Leo anaambiwa ni asilimia 4, kesho 10, keshokutwa 18. Je, nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya. Jibu limo katika historia ya ugonjwa huu. Madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliueleza mwaka wa 1935 baada ya kuwachunguza wanawake saba. Kwa miongo mingi baadaye kila mtaalamu alikuwa na ufafanuzi wake.

Mwaka wa 1990 wataalamu waliokutana Marekani walikubaliana kuwa mgonjwa sharti awe na mambo mawili: hedhi isiyo ya kawaida na dalili za wingi wa homoni za kiume. Kisha mwaka wa 2003 wenzao walikutana Rotterdam, Uholanzi, wakaongeza jambo la tatu, yaani picha ya ovari zenye vifuko vingi, na kusema mawili kati ya matatu yanatosha. Mlango ukapanuliwa, na walioingia wakaongezeka.

Uzito wa badiliko hilo ulidhihirika katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2010. Watafiti waliwafuatilia wanawake 728 waliozaliwa katika hospitali moja ya jiji la Adelaide kati ya 1973 na 1975. Kwa vigezo vya 1990, asilimia 8.7 walikuwa na PCOS. Kwa vigezo vya Rotterdam, walikuwa asilimia 11.9, na pale watafiti walipokadiria majibu ya wale ambao hawakupigwa picha, idadi ilipanda hadi asilimia 17.8. Wanawake walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni kipimo.

Lakini kuna takwimu moja katika utafiti huo ambayo haitegemei mzozo wa vigezo. Takriban wagonjwa 68 katika kila 100 hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wana ugonjwa huo. Hao walikuwa wakazi wa jiji la nchi tajiri, yenye bima ya afya kwa wananchi wote. Ikiwa hali ni hiyo kwao, tutarajie nini Turkana au Tana River?

Tafiti za Marekani nazo zinavunja dhana kwamba hili ni gonjwa la Wazungu. Katika jimbo la Alabama, wanawake 400 waliokuwa wakipimwa afya kabla ya kuajiriwa walichunguzwa kwa vigezo vya 1990, na matokeo kuchapishwa mwaka wa 2004. Asilimia 6.6 walikuwa na PCOS. Miongoni mwa weusi ilikuwa asilimia 8, na miongoni mwa weupe asilimia 4.8, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kwamba kundi moja limelizidi jingine.

Mlango wa utasa

Barani Afrika, takwimu nyingi zilizopo hazikutoka kwa wanawake waliopatikana nyumbani au kazini. Zimetoka katika kliniki za wanaotafuta watoto. Mathalan, utafiti uliofanywa Enugu, Nigeria, na kuchapishwa mwaka wa 2013 uliwachunguza wanawake 342 waliokuwa na tatizo la kupata mimba. Kati yao 62 walikuwa na PCOS, yaani asilimia 18.

Takwimu ya namna hiyo ina manufaa yake, ila haiwezi kutueleza ugonjwa umeenea kiasi gani nchini. Ni sawa na kutaka kujua ni Wakenya wangapi wana baiskeli kwa kuwahesabu walio kwa fundi. Asiyetaka mtoto kwa sasa hayumo. Aliyezaa mapema kabla ya dalili kukomaa hayumo. Msichana wa Kidato cha Nne anayepata hedhi mara nne kwa mwaka hayumo. Wala asiye na nauli ya kufika hospitali ya rufaa.

Humu nchini kuna pazia jingine linaloufunika ugonjwa huu. Sindano na vipandikizi ndizo njia za kupanga uzazi zinazotumiwa zaidi na wanawake walioolewa, na zote mbili huweza kuivuruga au kuisimamisha hedhi. Tembe zenye homoni mbili nazo humpa mtumiaji damu ya kila mwezi, hata kama ovari zake hazipevushi yai.

Basi hebu fikiria mke aliyeanza sindano akiwa na umri wa miaka 20. Kabla ya hapo hedhi yake ilikuja kila baada ya miezi miwili au mitatu, naye hakuona ajabu kwa kuwa dada yake alikuwa vivyo hivyo. Baada ya miaka mitano anaiacha ili apate mtoto. Mwaka unapita, miwili inapita, hapana kitu. Mavyaa anaanza kuuliza. Majirani wanatoa hukumu kwamba sindano imekiharibu kizazi. Ni kweli kuwa sindano hiyo huweza kuuchelewesha uzazi kwa miezi kadhaa, ila haileti utasa wa kudumu. Huenda tatizo lilikuwapo tangu awali, na hakuna aliyemuuliza hedhi yake ilikuwaje kabla ya kudungwa.

Kosa hilo lina gharama mbili. Mwenyewe anakosa tiba inayomfaa, na wanawake wengine kijijini wanaiogopa huduma ya kupanga uzazi kwa sababu isiyo ya kweli.

Kuhusu nywele za kidevuni, wengi huambiwa ni maumbile ya ukoo, wakanunua nyembe na kunyamaza. Kuhusu chunusi, huelekezwa kwa wauza krimu. Uzito nao hulaumiwa kwa ulafi. Dalili nne za ugonjwa mmoja hupelekwa kwa watu wanne tofauti, na hakuna hata mmoja wao anayeziunganisha.

Athari zisizosubiri mtoto

Lau tatizo lingekuwa uzazi pekee, pengine ingetosha kuziachia kliniki za utasa jukumu hili. Lakini PCOS humwandama mwanamke kuanzia ubalehe, na athari zake kwa mwili hazikomi hedhi inapokoma.

Wenye hali hii wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, tena wakiwa na umri mdogo kuliko wenzao. Wakishika mimba, hatari ya kisukari cha ujauzito na shinikizo la damu huongezeka. Ukuta wa tumbo la uzazi usiposafishwa na hedhi kwa miezi mingi huzidi kunenepa, na hali hiyo huongeza uwezekano wa saratani ya sehemu hiyo, ingawa idadi ya wanaoipata wakiwa vijana ni ndogo. Aidha, msongo wa mawazo na wasiwasi huwakumba zaidi kuliko wanawake wengine, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kunyoa kidevu kwa siri kabla ya kwenda kazini.

Ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa kuhusu PCOS, uliotolewa mwaka wa 2018 na kufanyiwa marekebisho mwaka wa 2023 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unataka kila anayegunduliwa apimwe sukari, shinikizo la damu na mafuta mwilini, pamoja na kuulizwa kuhusu hali yake ya kiakili. Kipimo cha sukari hurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa ufupi, kumgundua mwenye PCOS akiwa na miaka 20 ni kumgundua mtu anayeweza kuepushwa kisukari akiwa na miaka 40.

Tiba nazo si za anasa. Hakuna dawa ya kuung'oa ugonjwa wenyewe, lakini dalili hudhibitiwa. Mazoezi na lishe bora husaidia mwili kuitumia insulini. Tembe za kupanga uzazi hurekebisha hedhi na kupunguza nywele na chunusi. Metformin, dawa ya kisukari inayojulikana mpaka mashinani, hutumiwa kwa baadhi ya wagonjwa.

Kwa wanaotaka mtoto, dawa ya letrozole, ambayo kwa kawaida hutumiwa kutibu saratani ya matiti, ndiyo inayotangulizwa siku hizi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2014 ukihusisha wanawake 750 wenye PCOS ulionyesha kuwa asilimia 27.5 ya waliopewa dawa hiyo walijifungua watoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliopewa dawa ya zamani ya clomiphene. Mwanamke aliyeambiwa kuwa hatazaa kamwe alipaswa kusikia takwimu hizo kwanza.

Tahadhari kabla ya kuhesabu

Mgala muue na haki mpe. Wapo madaktari wanaohofia kwamba kampeni za pupa zitawabandika wasichana wazima jina la ugonjwa. Hofu yao ina msingi. Msichana aliyevunja ungo majuzi huweza kuwa na hedhi isiyotabirika, na ovari zake huweza kuonekana zina vifuko vingi, pasipo kuwa na tatizo lolote.

Mwongozo wa kimataifa umelizingatia jambo hilo. Kwa vijana hao, altrasaundi haipaswi kutumiwa kuamua. Lazima ziwepo dalili za homoni za kiume na hedhi isiyo ya kawaida kwa pamoja. Asiyetimiza yote hayo hufuatiliwa tu, bila kupewa jina la mgonjwa. Hata kwa watu wazima, daktari hutakiwa kwanza kuyaondolea shaka matatizo mengine yanayofanana na haya, likiwemo lile la tezi ya shingo.

Tahadhari hiyo inatufundisha jinsi ya kuhesabu. Haituruhusu kuacha kuhesabu.

Pa kuanzia

Mwaka wa 2017 Kenya ilipitisha sheria ya kuwapa wasichana wa shule sodo bila malipo, hatua iliyosifiwa kote. Tulikubali kama taifa kwamba hedhi si siri ya msichana na mamaye. Lakini tangu wakati huo tumezungumzia sodo kuliko hedhi yenyewe. Anayegawa sodo anajua ametoa pakiti ngapi. Hajui ni nani hakuihitaji kwa miezi mitano mfululizo, wala kwa nini.

Swali la kuanzia ni jepesi na halina gharama: katika mwaka uliopita, ulipata hedhi mara ngapi? Kwa mujibu wa mwongozo wa 2023, mwanamke aliyepita miaka mitatu tangu avunje ungo na ambaye hupata hedhi chini ya mara nane kwa mwaka, au hukaa zaidi ya siku 35 kati ya moja na nyingine, anastahili kuchunguzwa. Swali la pili ni kuhusu nywele za usoni, na la tatu kuhusu njia ya kupanga uzazi anayoitumia, ili majibu yasichanganywe.

Maswali hayo matatu yanaweza kuongezwa katika utafiti ujao wa KDHS. Hayatatupa idadi kamili ya wagonjwa, ila yatatuonyesha kwa mara ya kwanza ukubwa wa kundi linalohitaji uchunguzi, kaunti kwa kaunti.

Isitoshe, tangu Septemba 2023 serikali imewatuma mashinani wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wakiwa na mikoba yenye mashine za kupima sukari na shinikizo la damu. Wanabisha hodi nyumbani kwa watu. Vifaa wanavyobeba ni vile vile vinavyohitajika kufuatilia athari za PCOS. Kinachokosekana ni swali, na mafunzo ya kumwelekeza anayelijibu kwa wasiwasi.

Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya hazina ya zamani ya NHIF, na mjadala wa ni huduma zipi zilipiwe ungali moto. Magonjwa yenye takwimu huwa na watetezi katika mijadala kama hiyo. Yasiyo nazo hukaa nje ya chumba cha mkutano.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Methali hiyo humlaumu anayeficha. Lakini wanawake wengi wenye PCOS walikwisha kwenda kliniki wakiwa wajawazito, wakienda kudungwa sindano za kupanga uzazi, au wakiwapeleka watoto wa jamaa zao kuchanjwa. Walipimwa uzani, wakaandikwa vitabuni, wakarudi nyumbani. Hawakuficha chochote. Hawakuulizwa.